Makuti Chini ya Paneli

Jumatatu, 10 Februari 2025

Tumemaliza safu ya tatu ya paneli za sola, juu ya duka la vitambaa la Burhan. Mabati yanachoma hata kupitia viatu. Burhan alilalamika kwamba mafundi cherehani wake, ghorofani chini ya paa, wanaiva kwa joto. Bosi wangu Shuaibu akacheka: pwani dawa ya joto ni makuti. Basi nikayatandaza juu ya mabati, mimi mwenyewe, tukafunga paneli juu yake. Kumepoa kweli! Mwanahija, mkubwa wa mafundi, kanipa chapati mbili. "Mha wewe, Mungu akuweke!" Nikafurahi kama mjinga.

Jumatano, 12 Februari

Leo nimesoma karatasi ya masharti ya zimamoto. Burhan alimpa Shuaibu, Shuaibu kaifungia vitumbua. Niliishia darasa la sita, nasoma polepole—lakini nimeelewa. Chini ya paneli pasiwe na kitu cha kushika moto. Kandokando ya paa iachwe njia ya kupita mtu. Swichi ya kukatia umeme iwe chini, mlangoni. Yetu iko juu, katikati ya paneli, kwa sababu waya haukutosha. Njia hakuna. Makuti yapo!

Nikamwambia Shuaibu. Ati nimekuja kubeba au kukagua? Kwetu Kasulu, kwa Waha, umeme nimeuonea wapi? Wenzangu wakacheka. Nikarudi kubeba. Nyumba ya nyasi ya mjomba iliwaka kwa cheche moja ya jikoni. Hatukuokoa hata mbuzi.

Alhamisi, 13 Februari

Nimegusa kiungio cha waya, kile nilichokibana kwa koleo baada ya kifaa chake cha kubania kukosekana. Kinaunguza. Sikumwambia mtu.

Ijumaa, 14 Februari

Saa nne asubuhi Mwanahija alishuka ngazi. "Nyie, mnachoma nini huko juu?" Shuaibu akasema ni pasi zao. "Pasi yangu naijua, baba wee! Hilo ni kuti linaungua."

Nikapiga kelele watoke wote. Wanawake saba, wako ng'ambo ya barabara sasa. Mwanahija alitaka kurudi, kaacha gauni la bibi harusi. Nikamshika mkono kwa nguvu. Kanitukana, kisha akaniona uso, akaacha kuvutana nami.

Zimamoto nimewapigia mimi. Afande kasema dakika ishirini. Kasema mtu asipande: maadamu jua linawaka, paneli zinatoa umeme.

Nimekaa mlangoni kuzuia watu wasiingie. Naandika ili yabaki kama yalivyotokea.

Shuaibu kaja mara mbili. Kwanza: panda ukazime swichi. Nikamwambia alivyosema afande. Mara ya pili kaninong'oneza—nikishazima niyavute na makuti, niyatupe uani kabla gari halijafika. "Uliyatandaza wewe. Nitasema hivyo."

Na ni kweli.

Moshi mwembamba unatoka ukingoni mwa bati. King'ora bado sikisikii. Shuaibu kaegemeza ngazi ukutani, kaishika kwa mikono miwili, ananitazama—