Meli Iliyofunika Jua: Kikao Maalumu cha Jumuiya ya Kofia za Mkono Kuhusu Mkataba wa Biashara Huria

JUMUIYA YA WASHONAJI NA WAUZAJI WA KOFIA ZA MKONO, MASKATI

Kumbukumbu za kikao maalumu cha Kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 17 Januari 2026, nyumbani kwa Mwenyekiti, Khuwair ya Kusini, kuanzia saa kumi alasiri.

WALIOHUDHURIA
Bw. Murshid bin Hatem, Mwenyekiti
Bi Nasriya bint Jaifar, Msimamizi wa washonaji
Bw. Aflah bin Jaifar, Mwakilishi wa wauzaji, mwenye duka Ruwi (mdogo wake Bi Nasriya, baba mmoja mama mmoja)
Bw. Safwan bin Nasser, Mweka Hazina
Bi Aseel bint Murshid, Katibu

ALIYETOA UDHURU
Bw. Alaa bin Said, yuko Salala kwa harusi ya bintiye

KUMB. NA. 1/2026: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa Bismillahi na kuwashukuru wajumbe kwa kuja, hasa wale wawili ambao kikao kilichopita waliondoka kila mmoja kwa mlango wake. Aliomba safari hii watu wazungumze kwa zamu. Wajumbe waliafiki.

KUMB. NA. 2/2026: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu. Alipofika kwenye maneno ya Bw. Aflah kwamba dada yake "anataka kuifunga bahari kwa uzi wa kofia", na jibu la Bi Nasriya kwamba ndugu yake "angeuza hata kaburi la baba lau lingepata bei", Bw. Aflah aliomba maneno hayo yafutwe, yote mawili, kwa kuwa si ya kikao.

Bi Nasriya alikataa. Alisema, "Yaache. Watakaosoma wajue tuligombana kwa jambo la maana, hatukugombana kwa upuuzi."

Kumbukumbu zilithibitishwa bila kufutwa neno.

KUMB. NA. 3/2026: RASIMU YA MKATABA WA BIASHARA HURIA

Kwa faida ya kumbukumbu, Mwenyekiti alieleza upya jambo lenyewe. Jumuiya imetakiwa kutoa maoni juu ya rasimu ya mkataba wa biashara huria na nchi moja ya Asia. Mkataba ukipita, kofia zinazodariziwa kwa mashine huko zitaingia bila ushuru. Kofia ya mashine huchukua dakika chache. Kofia ya viua, yaani ya vitundu vinavyodariziwa kwa mkono, huchukua miezi, na mshonaji akiharakishwa huiharibu. Maoni yanatakiwa Jumanne.

Mwenyekiti alisema kinachomsumbua ni kwamba hakuna mjumbe anayetaka kuacha mambo ya wazee. Wote ni wahafidhina, na wote wanamtaja marehemu Mzee Jaifar, aliyekuwa na duka Darajani, Unguja, kabla ya kurudi Oman.

Bw. Aflah alikumbusha kwamba baba yao alinunua kwa Mhindi, kwa Mngazija na kwa Mshihiri, akamuuzia yeyote aliyeingia, na hakuiomba serikali imkingie mtu mlango. Hiyo ndiyo asili.

Bi Nasriya alikumbusha kwamba baba huyo huyo hakukaa dukani hata siku moja bila sindano mkononi, na kwamba biashara bila kazi ya mkono aliiita uchuuzi. Hiyo ndiyo asili.

Bw. Safwan alisema ushuru ni mkono ndani ya mfuko wa mnunuzi, na mtu mhafidhina hauungi mkono hata ukimfaa yeye mwenyewe.

KUMB. NA. 4/2026: TAARIFA YA SAFARI YA BANDARINI

Katibu aliagizwa kuandika taarifa hii na anaomba radhi kwa urefu wake. Alijaribu kuifupisha, ikamshinda.

Baada ya kikao kilichopita, Mwenyekiti aliona kwamba wajumbe wanagombania kitu ambacho hawajakiona. Aliomba ruhusa bandarini Suhar kupitia kwa Muatasim, mtoto wa Bi Nasriya, ambaye ni rubani wa meli huko. Kazi yake ni kuipanda meli ikiwa ingali baharini na kumwongoza nahodha mpaka gatini. Bi Nasriya alikuwa akijua jina la kazi hiyo. Hakuwahi kuiona.

Waliosafiri ni Bi Nasriya, Bw. Aflah na Katibu, katika gari ya Bw. Safwan, aliyeendesha mwenyewe. Bi Nasriya alikaa mbele. Njiani alimwambia Katibu amwambie "aliyekaa nyuma" kwamba kahawa ipo kwenye chupa. Aliyekaa nyuma alimwambia Katibu ajibu kwamba ameshukuru. Mpaka Suhar mazungumzo yao yalikuwa hayo.

Bw. Safwan alibaki nchi kavu kwa kuwa bahari humtapisha. Wengine watatu walivaa majaketi ya kuokolea na kuingia kwenye boti ya marubani pamoja na Muatasim. Bahari ilikuwa shwari. Baada ya muda Bw. Aflah aliuliza kile ni kisiwa gani.

Muatasim alijibu, "Si kisiwa, mjomba. Ndiye mgeni wetu."

Kitu kile kilizidi kukua, na kila Katibu alipodhani kimemaliza kukua kilikua tena. Boti ilipokaribia, jua liliondoka. Halikufunikwa na wingu. Lilifunikwa na ubavu wa meli, na baridi ikaingia botini kana kwamba mtu amefungua mlango wa pango. Ukuta wa chuma ulisimama mbele yao, wa buluu, wenye michirizi ya kutu mirefu kama mito inayoonekana kutoka ndegeni. Juu ya ukuta yalipangwa makontena, juu ya makontena mengine, hata Bw. Aflah, akitazama juu, ikabidi aishike kofia yake isianguke. Mashine za meli hazikusikika sana masikioni. Zilisikika kifuani na kwenye meno. Mtu mmoja alichungulia kutoka juu kabisa, naye alikuwa mdogo kama punje ya mchele.

Katibu alikuwa na kalamu mkononi. Hakuandika neno.

Kutoka juu ilishushwa ngazi ya kamba. Bi Nasriya aliuliza ngazi ile ni ya nini. Hakujibiwa, kwa sababu Muatasim alikuwa ameshasimama ukingoni mwa boti. Alingoja wimbi liinyanyue boti, na wimbi lilipofika juu akaweka mguu kwenye ngazi, akaanza kupanda ule ukuta kwa mikono na miguu yake.

Bi Nasriya alikamata mkono wa kanzu ya Bw. Aflah. Alisema, kwa sauti ya chini, "Subhana llah." Kisha akasema, "Aflah, mtazame mtoto." Hayo ndiyo maneno ya kwanza kumwambia ndugu yake tangu kikao kilichopita.

Boti haikuondoka mara moja. Iliendelea kujibana na meli mpaka Muatasim alipokuwa ameshika imara, ndipo ikasogea, pole pole, ikiuacha ukuta kidogo kidogo. Muatasim alifika juu, akapungia, akatoweka ndani.

Kilichofuata wajumbe walikiona kutoka mbali. Meli ile, ambayo mtu mzima angechoka kutembea toka mkiani hata kichwani, ilianza kugeuka. Iligeuka kimya, kwa utiifu, ikaingia mlango wa bandari bila kugusa upande wowote. Bi Nasriya alisema, "Inageuka kwa neno la mtoto niliyembeba mgongoni." Alilisema mara mbili, mara ya pili kana kwamba anauliza.

Muatasim alishuka gatini. Mama yake alimshika mikono, akaigeuza, akatazama viganja.

Kurudi Maskati kahawa ilipelekwa nyuma bila kupitia kwa Katibu.

KUMB. NA. 5/2026: MJADALA

Mwenyekiti aliuliza kama safari imebadilisha rai ya yeyote.

Bi Nasriya alisema miezi yote hii alikuwa akiomba dua meli hizo zisije. Hakujua kwamba mwanawe yuko ngazini. "Sasa nnaombaje zisije?" aliuliza. "Na nnaombaje zije? Washonaji wangu wataniuliza nlikuwa wapi." Alisema bado anataka ushuru ubaki. Ila neno "milele" lililomo katika rasimu yake ya maoni, hana nguvu tena ya kulisoma. Mbele ya kitu kile, alisema, mwanadamu haandiki milele.

Bw. Aflah aliitwa kwa jina na Mwenyekiti. Alisema amefanya biashara tangu ujanani, na kwake bidhaa ni kitu kinacholetwa dukani kwenye mkokoteni na kijana anayetaka saini. "Siku ile nilitishika. Sikutishwa na ubaya. Nilitishwa na ukubwa. Nilisema baba alikuwa hivi, lakini baba aliyajua majina ya watu aliofanya nao biashara. Mimi pale sikumjua hata yule aliyechungulia."

Hata hivyo alisema haamini kufunga mlango. Alipendekeza ushuru wa kofia upunguzwe mwaka hadi mwaka, kwa miaka kumi, usiondolewe kwa siku moja.

Bi Nasriya alijibu kwamba hataki kuhurumiwa.

Bw. Aflah alisema, "Si huruma, dada. Umeiona ile boti? Ingejing'oa ghafla, Muatasim angekuwa wapi? Ilimngoja mpaka akashika. Mimi nataka wasichana wako wanaoshona nao wangojewe mpaka washike."

 

Bi Nasriya alisema analikubali pendekezo kwa sharti moja: kofia ya mashine iingie na jina lake, iandikwe ndani kwamba ni ya mashine, isiazime jina la mkono wa mtu. Bw. Aflah alisema sharti hilo angeliweka yeye lau asingetanguliwa.

Bw. Safwan alipinga. Alisema anawaheshimu wote wawili, na ile meli aliiona naye, kutoka ufukweni, na usiku ule hakulala vizuri. Lakini kanuni haibadiliki kwa sababu mtu ameona kitu kikubwa. Biashara ama ni huru ama si huru, na miaka kumi ya ushuru ni miaka kumi ya mkono mfukoni. Aliomba upinzani wake uandikwe kikamilifu. Bi Nasriya aliunga mkono ombi hilo, akasema, "Mwandike vizuri, Aseel. Nusu ya maneno yake ni ya baba yangu."

KUMB. NA. 6/2026: UAMUZI

Pendekezo la Bw. Aflah pamoja na sharti la Bi Nasriya lilipigiwa kura. Wajumbe watatu waliafiki, Bw. Safwan alikataa, Mwenyekiti hakupiga kura kwa kuwa haikuhitajika. Iliamuliwa Katibu apeleke maoni ya Jumuiya siku ya Jumatatu, yakiambatanishwa na upinzani wa Mweka Hazina.

Mwenyekiti alitahadharisha kwamba maoni ya jumuiya ndogo huenda yasibadilishe hata nukta ya mkataba. Wajumbe walisema wanalijua hilo.

KUMB. NA. 7/2026: KUFUNGA

Adhana ya magharibi ilikaribia. Kwa kawaida Mwenyekiti ndiye huomba dua, lakini Bi Nasriya aliomba ndugu yake aombe.

Bw. Aflah aliwaombea wanaopanda na wanaoshuka baharini. Aliwaombea wanaoshona Maskati. Kisha alisita, na Katibu alidhani amemaliza. Akawaombea na wale wanaokaa mbele ya mashine za kofia ng'ambo, ambao majina yao hatuyajui wala wao hawayajui yetu, Mungu awape riziki isiyomnyima mtu yake.

Wa kwanza kuitikia "Amin" alikuwa Bi Nasriya.

Wajumbe waliinuka kwenda kuswali saa kumi na moja na dakika arobaini, na kikao kikawa kimekwisha.

Imesainiwa:

Murshid bin Hatem, Mwenyekiti
Aseel bint Murshid, Katibu