Nimeuacha Mguu Tanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na baba na mbuzi wenu wale wakorofi. Je, mvua zimeshashuka huko Tabora? Mwanao ni mzima, isipokuwa kipande kimoja, nacho nitakueleza. Anayekusomea asiruke mistari.

Troli la mkonge liliacha reli likanilalia kifundo cha mguu wa kushoto. Nikaletwa hospitali hapa Tanga, kwa Bwana Mganga wa Kizungu ambaye kazi yake ni miguu tu, kuanzia kifundo kushuka chini. Goti likikuuma, hakujui! Mtu mkubwa huyo, hata karani wa shamba letu hajapata kumpa mkono. Mimi amenishika unyayo.

Akanipasua, akaunga mifupa, akanifunga plasta. Ilipofunguliwa, mguu ulikuwa umelala tu kama wa mtu mwingine. Akasema, "Nitakuchoma sindano. Ukihisi, sema." Mimi, mtoto wa mpagazi aliyetembea mpaka pwani na mzigo begani, niseme sihisi? Nikakodoa macho. Kila sindano iliposhuka, nikasema, "Nahisi, Bwana." Akafurahi, akasema mguu utapona.

Hapo Sefu, mhudumu wa wodi, Mzigua, mtani wetu, akaangua kicheko. "Bwana, huyu Mnyamwezi anahisi kwa macho!" Akavua kofia yake akanifunika uso. Nikangoja kidogo, nikasema, "Nahisi."

Sefu akaiondoa kofia.

"Bado sijakuchoma," akasema Bwana Mganga, polepole.

Akaniambia mguu umekufa, na nikiubakiza utaoza mpaka uniue. Nikasema, kata. Nilisema kama mtu anayeagiza chai.

Nilipozinduka, Sefu alikuwa amekwisha kuuzika. "Mnyamwezi akifia kwetu, sisi watani ndio tunaomzika," akasema. "Wewe nimekuanza chini." Na kiatu cha kushoto akakichukua, haki yake ya utani. Wagonjwa wakacheka, nami nikacheka. Mama, sijalia hata leo. Napaangalia pale ulipokuwa kama mtu anavyoangalia ukuta. Sefu hunitukana kila asubuhi, na nisipomrudishia tusi haondoki kitandani pangu.

Bwana Mganga ameniagizia mguu wa mti. Nimemwambia kama si mninga wa kwetu Unyamwezi, asijisumbue.

Nisalimie dada Kalunde aliyenishonea mkoba wa safari, na mjomba fundi baiskeli. Asiiuze ile yangu, nitajua la kufanya nayo. Na baba, yeye mpe salamu za peke yake. Alitufundisha kwamba msafarani hakuna anayempita kiongozi wa njia, hata akienda mwendo wa kobe. Mwambie siku nitakayoshuka stesheni Tabora, kiongozi ni mimi. Mtu asinipite.

Mwanao yule yule,
Mihayo