Baba, Ile Pai Ulikuwa Ukiioka Wewe

Mpendwa Baba,

Sikukuandikia ulipofariki, wala mwaka uliofuata, kwa sababu sikuwa na neno nililobakiza. Sasa ninalo, na nitalisema mbele ya watu, maana watu wote uliwadanganya. Nimekukasirikia. Nina hasira ya wiki tatu nzima, na kwa kuwa wewe uko kaburini kule kwetu Uvira na mimi niko huku Sydney, sina wa kumfokea ila karatasi.

Unazikumbuka Jumamosi zetu. Ulikuwa ukirudi kutoka kwa yule mmisionari Mwamerika, Madamu Doroti, uliyemfanyia kazi tangu ujana wako, umeshika sahani iliyofunikwa kitambaa. Sisi watoto tuliisikia harufu ya mdalasini kabla hujafika mlangoni. Ilikuwa pai ya papai bichi, lililokatwa vipande vyembamba na kukamuliwa ndimu mpaka likajifanya tofaa, kwa sababu matofaa hayakufika kwetu. Ukingo wake ulikuwa umefinywa kwa dole gumba, kidogo kidogo, kuzunguka sahani nzima. "Madamu amewaokea," ulisema. Tulisali tukimshukuru kwa jina lake, kisha tukala mpaka makombo.

Mimi, mtoto wenu wa kwanza, nilipewa jina hilohilo kwa shukrani. Ndiyo maana Mama anaitwa Mama Doroti mpaka leo. Kila anayemwita anamwita kwa jina la mwanamke aliyemshinda kupika.

Wewe ulitueleza kwamba kazi yako ni kusimamia. Ulisimamia stoo, friji ya mafuta ya taa, na mapipa ya vitu yaliyokuja kwa meli kutoka Amerika. Kuhusu kupika, ulisema wanawake wa Kiamerika wanapika wenyewe, tena wanapika wakicheka. Ushahidi ukatuletea: kurasa za magazeti ya zamani ya Madamu, ambazo Mama alizibandika ukutani kwa uji wa muhogo ili kuziba nyufa. Nimekua nikitazamwa na wale wanawake. Viuno vyembamba, aproni nyeupe, mkate wa nyama wenye yai katikati, jeli ya kijani yenye karoti ndani. Mama naye aliwatazama sana. Siku moja aliuliza kama kweli mtu anaweza kupika amevaa viatu virefu, ukamjibu kwamba Madamu ndivyo anavyofanya.

Halafu ile Krismasi niliyokuwa na miaka tisa. Mama alihangaika wiki mbili kutafuta unga wa ngano na mafuta, mdalasini akauomba kwa jirani. Hakuwa na tanuri. Alioka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Unga aliukanda kwa nguvu zake zote, kama wa mandazi, kwa sababu kwake hivyo ndivyo unavyoonyesha kwamba umejali. Pai ikatoka ngumu. Ulitafuna polepole, ukaweka kipande chini.

"Ni nzuri, Mama Doroti. Lakini ya Madamu ni laini."

Hukusema kwa ubaya. Ulisema kwa upole, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mama aliichukua ile sufuria akaenda kuisugua uani, akaisugua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Sasa sikiliza. Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye treni nikitoka kazini Penrith, ninakohudumia wazee, nikirudi Mount Druitt ninakoishi na Mama pamoja na wanangu. Simu ikaleta ujumbe. Aliyeandika alikuwa binti wa Madamu Doroti, naye sasa ni bibi wa miaka sabini na kitu, amenitafuta kupitia watu wa kanisa. Alituma picha yako ukiwa kijana. Umevaa aproni ya maua, unga umekufika viwikoni, unacheka. Sijawahi kukuona ukicheka vile nyumbani.

Aliandika kwamba mama yake hakujua hata kuchemsha yai. Alikuwa akikaa jikoni na kandambili zake na kitabu cha mapishi, akikusomea kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, nawe ukipima na kupika. Vyote ulipika wewe: mkate wa nyama, tambi za samaki zilizomiminiwa supu ya uyoga ya mkebe, na kila pai tuliyoombea dua. Barua alizotuma kwao ziliwaambia wanawake wa kanisa lake kwamba anaoka mwenyewe kila Jumamosi. Kumbe mlikuwa wawili. Yeye anadanganya kwao, wewe unadanganya kwetu, na jikoni mnacheka pamoja. Nilipitiliza kituo changu, nikaja kushtuka niko Blacktown.

Sababu yako naijua. Mwanamume mwenye mke na watoto kufunga aproni ya maua? Wanaume wa mtaani wangekutania mpaka kanisani. Aibu hiyo naielewa, na kama ungeishia hapo ningecheka tu. Nisichoweza kuelewa ni kimya chako cha Krismasi. Yule bibi aliniandikia pia namna ulivyokuwa ukifanya: mafuta yawe baridi, na unga usikandwe, uguswe tu. Basi. Ulikaa pale umeweka mdomoni unga uliokandwa kupita kiasi, ukajua kosa liko wapi, ukanyamaza. Si ungemsingizia hata Madamu? "Madamu anasema usikande." Nani angekushuku, Baba? Ungebaki na heshima yako yote, na Mama angepata yake.

Maana hakuacha kujaribu. Ana miaka themanini, ana tanuri la umeme na matofaa halisi, na kila Jumapili baada ya ibada anakanda kwa nguvu ileile. Wanangu wanakula matofaa wanaacha ganda la unga. Kitinda mimba wangu humwambia kwa Kiingereza kwamba ameshiba, na Mama anaelewa vizuri sana. Halafu anaanza kuwasimulia habari za Madamu Doroti, mwanamke aliyejua kupika.

Na mimi, binti yako kweli, nilinyamaza wiki mbili na zaidi. Niliogopa kumharibia mume wake. Lakini Jumapili iliyopita, alipokunja mikono ya gauni akaanza kuupiga ule unga mezani, nilishindwa. Nikamwonyesha picha, nikamsomea ujumbe wote nikimtafsiria. Hakuuliza juu ya aproni wala juu ya Madamu. Aliuliza siri ya unga ni nini, nikamwambia.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Mama."

Akautupa ule unga. Akatoa siagi kwenye friji, akaikatakata, akaanza upya kwa ncha za vidole, akijizuia kila mara mikono ilipotaka kukanda. Pai ikatoka laini. Watoto wakamaliza ganda na yote, wakaomba nyingine. Mama alionja kijiko kimoja, akasukuma sahani, akalia.

"Miaka yote ile," alisema kwa Kiswahili chetu cha Uvira, "nilifikiri ni mikono yangu njo iko mbaya."

Hata msibani kwako hakulia hivyo.

Tulipomaliza kuosha vyombo alikwenda sebuleni, akaishusha ile picha yako kubwa ya suti na tai, ile tuliyoibeba tangu kambi ya wakimbizi. Nikadhani anaitia kabatini, na ningemwelewa. Akaja nayo jikoni. Akaisimamisha kwenye rafu iliyo juu ya tanuri, baina ya chumvi na mafuta ya kupikia, akaifuta vumbi kwa aproni yake. Nikamwambia mvuke utaiharibu.

"Acha," alisema. "Jikoni njo kwake."

Kwaheri, Baba. Huenda yeye ameshakusamehe. Mimi bado.

Binti yako wa kwanza