Gololi ya Sita

Mfaranyaki, Jumanne, Novemba 1991

Na bado breki ya kulia inang'ang'ania. Ukiachia pedali gurudumu linabaki limeshikwa, trekta linanguruma palepale. Jana nilibadilisha springi ya pedali. Bure. Leo nimefungua diski zote.

Mzee Komba alilinunua hivyo hivyo bovu, ushirika ulipouza mali zake. Anataka kulima Mpitimbi mvua za kwanza zikinyesha, na mawingu yameshaanza kujikusanya. Siku nzima alikaa juu ya ndoo akimlaani fundi wa zamani. "Aliyefunga breki hizi hajawahi kushika jembe!" Nikacheka naye, hata nikaongezea langu. Pale ushirika tulikuwa mafundi wanne, nikadhani ni mmoja wa wale wenzangu.

Jioni nikazipima gololi zinazosukuma diski. Tano zinalingana. Ya sita ni ndogo kidogo, imejichimbia shimo na kukwama humo.

Halafu nikaona waya wa zamani ulioshikilia springi ya diski. Umesokotwa kwa mkono wa kushoto.

Mashoto nilikuwa mimi peke yangu.

Miaka ile vipuri havikupatikana. Nilichomoa gololi kwenye beringi chakavu ya lori, nikasema itasaidia mpaka vije. Havikuja, nami nikasahau. Siku hizi zimejaa tele madukani Majengo, kesho nitanunua.

"Umeona nini, fundi?" mzee aliniuliza.

"Gololi tu, mzee."

Angeniuliza tena, labda ninge...

Ule waya niliukata kabla hajauona. Umo mfukoni, na kila nikikaa unanichoma.