Kiwiko cha Brodie

Smithfield, Sydney
Januari 2021

Dada Anésie,

Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua, lakini bado anahudumia wazee wa watu, barakoa usoni kutwa nzima. Wasalimie wote hapo kambini.

Mimi bado ndiye mrushaji wa timu yetu ya besiboli. Nilikwambia kila nikishika mpira unasikika mlio wa nyani, nyuma ya benchi letu, upande wa jukwaa. Viongozi walisema mashabiki hawazuiliki, nivumilie. Nikavumilia miaka miwili.

Jumamosi tulicheza bila mashabiki, kwa sababu ya korona. Viti vyote vitupu. Nikashika mpira, nikausikia mlio uleule. Nikageuka. Ni Brodie, mwenzangu wa timu, huyuhuyu anayekula ugali na sombe kwetu kila Jumapili.

Nilirusha mpaka mwisho, dada, na tukashinda. Brodie akawa wa kwanza kunipongeza, kaninyooshea kiwiko tugonganishe. Nikamwacha nacho hewani.

Jana Mama kapika sombe, anauliza mwanawe mzungu mbona haji. Nimemwambia ni korona. Ukimpigia simu, nawe sema hivyohivyo.

Mdogo wako nisiyekuficha,
Fiacre