Nitukane Kama Unavyomtukana Optatus

Shanwe,
Mpanda, Katavi.
10 Septemba 2025

Mpendwa Malale, mtoto wa mjomba,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Masasi? Shemeji Upendo na watoto hawajambo? Shule imefunguliwa salama, na korosho za jirani yako yule mgomvi zinaendeleaje? Nakuuliza yote haya kwa adabu kwa sababu barua ndivyo inavyoanza. Moyoni nimekukasirikia, ila salamu kwanza.

Sisi huku tu wazima. Recho anaendelea na maandazi yake karibu na stendi. Heri yuko kidato cha pili na ameanza kuvaa suruali za kubana. Mama magoti yanamsumbua lakini kanisani hakosi. Mimi mkono wa kushoto sasa unashika kikombe, mradi kisiwe na chai. Makelele bado yananimaliza, na maneno bado yananitoroka. Neno naliona kabisa, nalijua, nikifungua mdomo halipo. Hii barua nimeianza Jumamosi na leo ni Jumatano.

Malale, nina wivu. Nauweka wazi mapema nisije nikazunguka mpaka karatasi ikaisha. Namwonea wivu mdogo wangu Optatus, na wala sio kwa sababu ya mizinga. Ni kweli mizinga yangu ya Ugalla yeye ndiye anayeipandia sasa, tangu nilipodondoka kwenye ule mninga nikaangukia kichwa, na mwezi wa kumi itatimia miaka miwili. Ni kweli pia mwaka huu amerina asali nzuri kuliko yangu yoyote. Liliniuma wiki nzima, likaisha.

Lisiloisha ni kwamba yeye unamtukana.

Mwezi uliopita alikuja hapa akanisikilizisha sauti uliyomtumia kwenye simu. Dakika nzima unamporomoshea: mwizi wa mboga, shingo ya kobe, mke wako uliyemwacha kwa kukoroma. Mengine ni yangu hayo, nilikutungia tukiwa darasa la tano. Optatus alicheka mpaka akashika ukuta. Alipoondoka nikafungua simu yangu nitazame za kwangu. Ziko tano tangu Januari, na zote ni pole kaka, tunakuombea kaka. Ya tano ina mstari wa Zaburi. Wewe Zaburi umeanza kuzijua lini?

Miaka arobaini hujawahi kuniita kaka. Tusi lako la mwisho kwangu ni la Pasaka ya 2023, pale kwa mjomba, uliposema kichwa changu ni mzinga uliohamwa na nyuki. Watu walicheka, mimi nikakosa jibu, nikakuambia utalipata tu. Miezi sita baadaye nikadondoka. Tangu hapo nimekuwa kaka.

Sasa nije kwenye ule msiba wa Ugalla, wa mjomba Danford, baba yako, Mungu amlaze mahali pema. Najua ni jeraha bado bichi na sitaki kulichokonoa, lakini lazima niseme. Kwetu sisi wapwa ndio watani wa marehemu. Tunaingia kaburini, tunamsema, tunagoma kutoka mpaka tupewe kuku, ndipo mzee anazikwa akiwa ameagwa vizuri. Mpwa mkubwa ni mimi. Mjomba mwenyewe aliwahi kuniambia nikija kumzika kwa upole atafufuka anichape. Nyie mkaniweka kivulini kwenye kiti cha plastiki pamoja na wajawazito, mkanipa chupa ya maji, na aliyeruka kaburini akawa Optatus. Akasema jeneza limekuwa zito kwa sababu mzee ameondoka na kuku wa jirani. Watu wakacheka, mama yako akacheka huku analia, ndivyo inavyotakiwa.

Nilivumilia kidogo, nikashindwa. Nikasimama. Maneno yalinichukua muda kuyakusanya, nayo yakatoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga.

"Mjomba, mchoyo wewe! Kaburi lote hilo umechimbiwa, na bado unataka kulala peke yako?"

Ilikuwa nzuri, Malale. Ilikuwa nzuri kuliko ya Optatus na mjomba angeipenda. Hakucheka hata mmoja. Nikasikia mama mmoja anasema kichwa kimemshika tena, masikini. Na wa kwanza kunifikia ulikuwa wewe. Ukanishika mkono kwa mikono miwili, ukaniambia, "Twende upumzike, kaka." Ukanilaza chumba cha ndani, ukafunga dirisha. Nilisikia kaburi likifukiwa nikiwa nimelala chali natazama bati. Mjomba wangu nilimzikia chumbani.

Maneno akisema Optatus ni utani, nikisema mimi ni ugonjwa. Hapo ndipo wivu wangu ulipo, na sitaki unieleze kwamba mlinifanyia wema. Najua ni wema. Wema wenu umenichosha.

Mpanda nzima nina sehemu moja tu ya kutukanwa. Kila Jumatano tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa hapa Shanwe, watu tisa tulioumia kichwa. Wengi ni ajali za pikipiki, mmoja aliangukiwa na gogo. Aliyetukusanya ni mama mmoja wa Katumba anaitwa Candide. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye aligongwa na bodaboda akitoka shambani, ana kovu toka sikioni mpaka kisogoni na kilemba hafungi, anasema kovu lenyewe ni pambo.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati nje ndani. Recho alikuwa ameshaenda stendi. Njia nzima watu waliniona wakainamisha macho kwa huruma. Candide akanitazama toka juu mpaka chini, akauliza, "Baba, leo wewe ndiye umevaa shati, au shati limekuvaa wewe?" Nilicheka nikakaa chini. Nikalia pia, sikufichi. Ilikuwa mwezi wa kumi na sita sijachokozwa na binadamu.

Pale tuna sheria moja. Mtu akikwama neno, hakuna kummalizia. Tunasubiri. Yupo Osward, zamani alikuwa dereva wa lori. Siku moja alianzisha sentensi, Candide akachukua chungwa, akalimenya, akalila lote, akatupa mbegu nje, ndipo sentensi ikafika mwisho. Kumbe alikuwa anatutukana wote. Tulimpigia makofi. Nyumbani kila mtu ananimalizia, Recho, mama, hata Heri, na nusu wanakosea. Juzi nilitaka chumvi nikaletewa vidonge.

Nikuchekeshe kidogo. Recho aliona kila Jumatano napiga pasi shati, tena nalikagua ndani na nje. Akaanza maswali: huyo Candide ni nani, ana umri gani, ameolewa? Maandazi yakawa yanaungua. Jumatano moja akanifuata kimyakimya, akakuta bibi wa miaka sitini na tano mwenye meno manne. Wakakaa wote wawili wakanicheka mpaka kikao kikaharibika, na siku hizi anatuletea maandazi. Lakini zile wiki mbili alizokuwa na wivu nilikuwa natembea kama bwana harusi. Mgonjwa haonewi wivu, Malale. Anaonewa huruma tu. Mimi nilionewa wivu na mke wangu, nikajua bado nimo.

Jumapili iliyopita nilimbana Optatus. Nikamuuliza kwa nini Malale ananiogopa. Akazunguka, akasifia ugali, mwishowe akasema ulimweleza siku mnasafisha vyombo vya msiba. Kwamba lile tusi la mzinga uliohamwa linakusumbua mpaka leo, unaona kama wewe ndiye uliyeniitia ajali. Na kwamba huwezi kumtania mtu asiyeweza kujibu, utaonekana unamcheka.

Nilinyamaza muda mrefu, Optatus akadhani nimekwama neno, akaanza kunimalizia. Nikamwambia anyamaze na yeye. Mimi miaka miwili yote nilidhani mmenizika mapema. Kumbe wewe umebeba mzigo wa bure. Kilichonidondosha ni tawi bovu, na mimi mwenyewe niliona lina mchwa nikalikanyaga kwa kiburi. Ulimi wako hauna nguvu ya kumdondosha mtu, ungekuwa nayo Optatus angekuwa ameshakufa.

Basi nisikilize. Mwezi wa kumi na mbili mkija kuweka msalaba kwenye kaburi la mjomba, nitakuwepo Ugalla. Kiti nipeni, kusimama sana siwezi, ila kiwe pale kaburini, na Optatus akae kivulini na chupa ya maji. Ukiniita kaka nageuza siku hiyohiyo. Nitukane mbele ya watu. Anza na huko kudondoka, jambo ambalo wote wanaliwaza na hakuna anayeligusa. Huenda nikakutazama bila kusema kitu. Utaona mdomo unatafuta. Usinishike mkono, usinimalizie, usiruhusu mtu aseme masikini. Menya chungwa. Jibu litakuja.

Mama anakusalimia, anasema shangazi yako yupo hai bado, upige simu. Recho na Heri wanakusalimia. Candide hakujui lakini nimemsimulia, naye anasema wewe ni mwoga. Nisalimie shemeji Upendo na watoto, na mwambie mama yako dawa ya kifua iko njiani, ni asali ya mizinga yangu, sio ya Optatus hata akidai ni yake. Mungu awalinde mchana na usiku, na katika njia zote za kuja huku.

Nakupenda, shingo ya kobe.

Ni mimi mtani wako,
Deusdedit

Nimesahau kitu. Lile jibu la Pasaka nimelipata leo asubuhi nikipiga pasi. Ni kweli kichwa changu nyuki wamehama. Lakini mimi nilidondoka mtini. Wewe wa kwako walihama kwa sababu gani?