Ellershaw wa Katuba hawahesabiwi

Jumatano, Februari. Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa sita, na matope mekundu yamenifika magotini. Umeme hakuna. Naandika kwa simu yenye nusu ya betri. Hasira ninayo tangu Jumapili, na haijapungua hata kidogo.

Nianze kwa kukiri. Kosa la kwanza ni langu.

Wanaosoma blogu hii wananijua kwa jina la Nadège, jina la ubatizo, lile ninaloitwa shuleni Katuba ninakofundisha Kiingereza. Lakini jina langu lenyewe ni Ellershaw. Midomo ya huku inalilainisha kidogo, ila kwenye makaratasi limeandikwa lote, herufi kwa herufi. Ni jina la Kiingereza. Maisha yangu yote nimeulizwa nimelitoa wapi, na maisha yangu yote nimejibu kwa hadithi ileile.

Babu wa baba yangu alikuwa mkulima upande wa Kinsevere, mji huu ulipokuwa bado pori. Akatokea Mwingereza anayepima ardhi na kutafuta shaba. Babu akamwonyesha njia na kumbebea vyombo. Msimu wa mvua Mwingereza akashikwa na homa, mkojo ukageuka damu, na siku ya tano akafa, kichwa chake kiko kwenye mapaja ya babu. Alikuwa amesema mwenyewe kwamba hana mke wala mtoto. Babu akamzika, akarudi nyumbani, akamkuta mkewe amejifungua mvulana. Akampa jina Ellershaw.

Huku kwetu mtu akifa na asipatikane wa kuitwa kwa jina lake, tunasema jina limelala, na mwenye jina anahangaika huko aliko. Babu hakutaka mgeni ahangaike kwenye ardhi yetu. Hakuna aliyemlazimisha. Angelazimishwa na nani, na mzungu wake yuko kaburini?

Yule mvulana ndiye babu yangu, aliyemzaa baba. Alifariki kabla sijazaliwa, jina likanijia mimi, mtoto wa kike. Na mila yetu ni kwamba ukipewa jina la mtu unasalimiwa kama yeye. Kwa hiyo baba yangu mzazi ananiita Papa. Nikiingia kwake anavua kofia. Nilipokuwa na miaka sita mama alinichapa kwa kuvunja sahani, na baba akatoka chumbani amekasirika kwelikweli: "Weye, unapiga baba-mukwe yako?" Mama alicheka mpaka akaketi chini. Siku hiyo sikumaliziwa fimbo zangu.

Sasa barua.

Mwaka jana niliona kwenye intaneti kwamba kuna Mwingereza mmoja mzee anayetafuta kila Ellershaw aliyebaki duniani. Anasema jina linakwisha, na anaomba yeyote mwenye nalo ajitokeze. Nilifurahi kama mjinga. Nikamwandikia, nikamweleza habari yetu, nikampigia picha kitabu cha kazi cha babu yangu, chenye jina hilo. Nikasubiri miezi. Jibu lilikuja Jumamosi jioni, na kwa sababu ya majivuno sikulisoma. Nilitaka tulifungue pamoja Jumapili kwa baba, tukishamaliza kula, mdogo wangu Trésor na mkewe wakiwepo. Wamepata binti, mtoto wao wa kwanza, leo ana siku kumi na mbili. Wiki hii Trésor anapaswa kwenda kumwandikisha kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa. Mimi sina mtoto, na baba alikuwa ameshasema tangu ujauzito: huyu ndiye Ellershaw, ili jina lisilale siku nitakapoondoka mimi.

Basi nikasimama mbele ya sahani za bukari, ugali wetu, nikasoma kwa Kiingereza na kutafsiri papo hapo, kama mbele ya wanafunzi wangu.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Anashukuru. Anasema waliobaki ni wachache sana, ukiwaalika wote kwenye ukumbi mdogo wa kanisa viti vitabaki. Wengi ni wazee. Mabinti waliolewa wakachukua majina ya waume zao, na kila harusi ikaondoa mmoja. Baba akatikisa kichwa, akasema "Masikini." Alikuwa anawahurumia kweli.

Halafu mdomo wangu ukaenda mbele ya akili yangu. Bwana yule anaandika kwamba zamani Waafrika waliowatumikia wazungu walizoea kuchukua majina ya mabwana zao. Anaandika pia kwamba baba yangu ana jina lingine, mdogo wangu lingine, hivyo kwetu jina halitoki kwa baba kwenda kwa mwana, na hilo si jina la ukoo. Kwa masikitiko, hatatuweka kwenye orodha.

Kulikuwa na maneno mengi ya kutafsiri "waliowatumikia". Ningeweza kusema wafanyakazi. Ningeweza kusema wasaidizi. Ningeweza kukohoa. Neno lililonitoka ni boyi, mtumishi wa nyumbani kwa mzungu, neno la dharau.

Maji yakimwagika hayazoleki. Trésor aliweka tonge lake chini.

"Tena mie nipe mutoto wangu jina ya boyi?" alisema. "Benye jina benyewe banatukatala, na shiye tunashikilia tu. Hapana. Mutoto wangu, hapana."

Baba alinawa mikono taratibu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Jumatatu alinipigia simu. Alihitaji dawa yake ya presha. Alisema: "Nadège, unipitishie dawa."

Nadège.

Miaka thelathini na tano sijawahi kuitwa hivyo na baba yangu. Nilimjibu ndiyo, nikakata, nikaketi kwenye ngazi za shule na kulia, na wanafunzi wa mwaka wa pili wakaniona. Nilijisikia yatima, na baba yangu yu hai.

Acha niseme yote, kwa kuwa hapa ni kwangu.

Asante ya punda ni mateke. Nchi yetu ilipoitwa Zaïre, majina ya kigeni yalikatazwa. Babu yangu, yule mvulana, aliitwa ofisini, akaandikiwa jina lingine kwenye kitambulisho, akasaini. Akarudi nyumbani, akavua viatu, akaendelea kuwa Ellershaw. Majirani walimwita Ellershaw, na aliyetaka kumletea shida angeweza. Jina lenu, bwana, lilifichwa kwenye nyumba ya udongo na watu ambao serikali iliwakataza kulitamka. Huko kwenu hakuna aliyewakataza. Mmeliacha wenyewe, harusi moja baada ya nyingine, na sasa mnatafuta mchawi.

Halafu hilo la mabinti! Kwao msichana akivaa pete jina linakufa. Mimi ni msichana, na ni baba wa baba yangu. Angeniuliza ningemweleza. Analia kwamba nyumba imekuwa tupu, na tuliobisha hodi ametufungia mlango. Siwezi kumwelewa. Nimejaribu kwa siku tatu, siwezi.

Na bado, nikiwa mkweli, hasira nyingine ni ya kwangu mimi. Nani alinituma kuomba kuhesabiwa? Tulikuwa tunakosa nini?

Jana mchana nilianza kumwandikia jibu. Lilikuwa refu, lenye matusi ya heshima, yale ambayo walimu tunayajua. Nikafungua ukurasa aliouambatanisha chini ya barua, ambao Jumapili hatukuufikia. Nilikuwa natafuta kosa la kumkamatia.

Ukurasa unaeleza chanzo cha jina. Ellershaw lilikuwa shamba, kaskazini mwa nchi yao, mahali penye baridi. Maneno mawili ya zamani: la kwanza ni mti wa kwao unaopenda kusimama kwenye maji, la pili ni msitu mdogo. Msitu mdogo wa majimaji, kwenye chemchemi. Anasema wakazi wa pale hawakuitwa hivyo walipokuwa pale, maana wote walitoka palepale. Mtu alipohama kwenda kutafuta kazi ndipo wenyeji wapya walipomwita kwa mahali alipotoka. Shamba lenyewe halipo tena. Mwishoni kuna mstari mfupi: mmoja alikwenda Afrika kutafuta madini, hakurudi, kaburi lake halijulikani.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Halijulikani kwa nani?

Leo baada ya vipindi nilipanda pikipiki kwenda kwa baba. Dereva aliniacha mbali kwa sababu ya matope, ndiyo maana yamenifika magotini. Baba alikuwa sebuleni anasikiliza redio ya betri. Kofia yake ilikuwa kichwani, na ilibaki kichwani. Nilimpa dawa. Nikamwambia: Papa, niliacha kusoma kabla ya mwisho, naomba nimalize. Nikamaliza, polepole safari hii, nikichagua maneno.

Nilipofika kwenye msitu wa majimaji alizima redio.

"Miti yenye kusimama mu maji," alisema. "Pa chemchemi."

"Ndiyo, Papa."

"Kumbe iko jina ya mushitu."

Mushitu tunaujua sote huku, hata tuliozaliwa mjini. Ni kile kisitu cheusi, chenye unyevu, kinachobaki kijani kiangazi chote pale maji yanapotokea ardhini. Mimi nilikuwa nimeshalifikiria neno hilo tangu jana. Kilichofuata sikuwa ninakijua.

"Nkambo alimuzika pembeni ya mushitu," baba alisema. Nkambo ni babu; alimaanisha babu yake, yule mkulima. "Alisema ule muntu alikuwa anaungua na homa, basi bamulalishe kwenye baridi. Papa yangu alinipeleka pale, nilikuwa mutoto. Kulikuwa majiwe, banayapanga vizuri. Mie ninaijua ile pahali."

Kisha nilimwangalia akihesabu kitu kwenye vidole, sijui miaka au watu. Babu wa baba hakujua neno moja la Kiingereza. Alimrudisha yule mtu mahali pa jina lake, kwa sababu tu palikuwa na ubaridi.

Baba akasimama. "Twende kwa Trésor."

Trésor anakaa komini ya Kenya, hapahapa mjini kwetu, nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Tulimkuta mlangoni amevaa shati safi, karatasi ya hospitali ya uzazi iko mfukoni. Alikuwa anangoja njia ikauke ili aende kuandikisha jina alilolichagua yeye, jina zuri la Kifaransa, sitaliandika. Alituona na akajua. Akaanza kusema kabla hatujaketi: Papa, mambo yamekwisha, Papa, usichoke bure.

Baba alimpita. Mke wa Trésor alikuwa kwenye mkeka na mtoto. Baba ana mgongo mbaya, kuinama kwake ni kazi ya dakika nzima. Aliinama. Na pale chini, mbele ya mtoto wa siku kumi na mbili anayelala mdomo wazi, alivua kofia.

"Jambo, Papa," alisema. "Ulifika muzuri?"

Mke wa Trésor akaweka mkono mdomoni.

"Papa, mais bale bazungu banasema..." Trésor alianza.

"Siongei na bazungu," baba alisema bila kugeuka. "Minaongea na papa yangu. Na weye, salimia nkambo yako."

Sijui Trésor alifikiria nini. Nilimwona akitazama ile kofia mkononi mwa mzee, kisha mkewe, kisha mimi. Mkewe alitikisa kichwa mara moja tu, kukubali. Trésor akapiga goti kwenye sementi, na shati lake safi, akasema "Jambo, Nkambo", kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Halafu akatoa ile karatasi mfukoni, akanipa mimi na kalamu, kwamba niandike jina vizuri wasikosee huko komini. Niliandika. E ya mwanzo ikawa mbaya. Watakwenda kesho asubuhi.

Msidhani hasira imekwisha. Ipo. Nikikumbuka "kwa masikitiko" napata joto masikioni. Lile jibu refu nimelifuta, lakini si kwa sababu nimesamehe. Ni kwa sababu lilikuwa linaomba, chini ya matusi yote lilikuwa bado linaomba tuwekwe kwenye orodha, na nimeona aibu.

Sasa najiuliza kuhusu kaburi. Nina haki ya kukaa kimya. Huyo bwana ametafuta kwa miaka, na jibu liko kwa watu aliowafuta. Inaniuma kumpa kitu. Lakini babu wa baba hakumwuliza yule mgonjwa kama ukoo wake utashukuru. Kesho umeme ukirudi nitamwandikia mistari miwili: kaburi linajulikana, liko kando ya msitu wa majimaji, akitaka kuja tutamwonyesha. Kuhusu orodha sitasema neno.

Simu imeita hapa nikiandika, betri imefika asilimia tisa. Ni baba. Alitaka kujua kama nimevuka matope salama.

"Papa," alisema, "ulifika?"

Nimefika, Papa.